Majibu ya Mtoto Siku Hiyo Hiyo

Leo tunazungumza na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi na ambaye amejifungua, pamoja na nyanya, shangazi au yeyote anayemlea mtoto huyo.

Mtoto akifika wiki sita hupimwa. Kipimo cha watu wazima hakimfai, kwa sababu hicho hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili. Mtoto huzaliwa na askari wa mama yake, nao waweza kukaa hadi miezi 18. Kwa hivyo lazima kirusi chenyewe kitafutwe.

Kwa miaka mingi damu ya mtoto ilikaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara ya mbali. Mama alingoja wiki nyingi. Kungoja huko ni hatari: wasipotibiwa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya miaka miwili.

Siku hizi baadhi ya vituo vina mashine ndogo. Muuguzi humdunga mtoto kisigino, na matone machache ya damu hutiwa katika kikasha cha plastiki kinachotosha kiganjani. Ndani yake, dawa hupasua kirusi, kisha chembe zake za urithi hunaswa na kugeuzwa kuwa DNA. Nakala moja hufanywa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya mizunguko 30, nakala moja yaweza kuzidi bilioni. Ndipo rangi maalum hung'aa na mashine huiona. Yote haya huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Kikasha hutumika mara moja tu.

Akipatikana na virusi, damu nyingine huchukuliwa kuthibitisha, lakini dawa huanzishwa mara moja bila kungoja. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 76.

Asipopatikana navyo, usiache kliniki. Angali ananyonya, kwa hivyo hupimwa tena akiwa na miezi 6, 12 na 18. Wewe nawe meza dawa zako kila siku, na umpe mtoto zake.

Je, wiki sita zimepita? Usiogope kukaripiwa, mama. Nenda kesho, na umuulize muuguzi majibu yatatoka lini.