Elimu ya Juu na Lugha ya Fundi

Tumchukue kijana wa hapa kwetu Lemara. Shule ya msingi amefundishwa hesabu kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, hesabu ile ile inageuka Kiingereza. Akishindwa pembetatu, tunasema hana akili. Je, kilichoshindwa ni akili, au ni lugha?

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 1574 mji wa Leiden, Uholanzi, ulizingirwa na majeshi ya Hispania, watu wakafa kwa njaa na tauni. Ulipookolewa, Willem van Oranje, kiongozi wa mapambano hayo, aliuzawadia chuo kikuu, kilichofunguliwa Februari 1575. Baadaye kilisifika Ulaya nzima kwa mabingwa wa Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu. Lakini masomo yalitolewa kwa Kilatini, lugha ambayo mwashi wa mjini hakuijua.

Nchi ilikuwa vitani, ikihitaji wapima ardhi na wajenzi wa ngome. Basi mwaka 1600 yakaanzishwa hapo hapo Leiden mafunzo ya uhandisi, kwa mpango wa mwanahisabati Simon Stevin. Hayo yalitolewa kwa Kiholanzi. Sababu ilikuwa wazi: wahitimu wangefanya kazi na mafundi na vibarua, na mtaroni hakuna asemaye Kilatini. Maneno yalipokosekana, Stevin aliyaunda. Neno la hisabati ambalo Waholanzi wanalitumia hadi leo, wiskunde, linatokana na neno aliloliunda yeye.

Nasi hatukukaa bure. Chuo kikuu chetu kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1970 kikapata Idara ya Kiswahili, iliyofundisha kwa Kiswahili chenyewe. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa maneno hakitutoshi tena.

Leiden hawakukifuta Kilatini. Kilibaki dirisha lao la kuwasiliana na wasomi wa nje. Kiingereza nacho tukisome, tena kwa bidii. Lakini kesho kijana wetu atakaposimama kiwanjani kumweleza fundi kipimo cha zege, atamweleza kwa Kiswahili. Kwa nini basi yeye mwenyewe asifundishwe kwa lugha hiyo?