Dawa za Miti na UKIMWI: Hupimwaje?

Kilima chetu cha Nsambya kimezoea dawa. Mama Kevin na masista wenzake walipofika mwaka 1903 walianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, na hospitali iliyotokana na kazi ile ipo mpaka leo. Lakini ukishuka barabarani utaona pia chupa za maji ya kijani, maji ya mululuza na miti mingine. Likizo iliyopita niliona moja yenye karatasi iliyoandikwa, "Imepimwa maabara, inazuia virusi vya UKIMWI." Jirani yetu mmoja aliinunua, akaacha vidonge vya kliniki. Huenda karatasi ile haikusema uongo, na hata hivyo ilimpoteza.

Majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika maji au spiriti, kisha huchujwa na kukaushwa tena mpaka ubaki unga. Unga huo ndio unaopimwa. Mtaalamu huchukua chembe nyeupe za damu ya binadamu, zile ambazo virusi huzishambulia, akazitia katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Vishimo vya kwanza vina chembe tupu. Vya pili vina chembe na virusi. Vya tatu vina chembe, virusi na dawa. Baada ya siku kadhaa hupima virusi vimeongezeka kiasi gani.

Wengi wetu tungeishia hapo. Lakini viko vishimo vya nne: chembe na dawa, bila virusi. Hivi ndivyo vinavyotoa hukumu. Virusi haviwezi kuzaana ila ndani ya chembe iliyo hai; ukiiua chembe, umezuia virusi pia. Hata maji ya sabuni yaweza kufanya hivyo! Basi huulizwa maswali mawili: ni kiasi gani cha dawa huzuia nusu ya virusi, na ni kiasi gani huua nusu ya chembe? Ikiwa jibu la kwanza ni mikrogramu 10 na la pili 12, hiyo ni sumu tu. Ikiwa la pili ni 1,000, mtaalamu huanza kutabasamu.

Tena kuna tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna ganda la ndizi mbichi. Miti mingi inayo. Hushika protini yo yote iliyo karibu, na za virusi pia, kwa hiyo majani mengi hushinda katika sahani. Tumboni hushika chakula.

Hata dawa ya kweli ina taabu zake. Mwaka 1987 watafutaji wa Marekani walichuma majani ya mti mmoja huko Sarawak, na ndani yake ikaonekana kalanolidi, iliyozuia virusi vizuri. Waliporudi kutafuta zaidi, mti ule ulikuwa umekatwa, na miti mingine ya karibu haikuwa na dawa ile.

Nisidharau waganga wetu. THETA, chama kilichoanzishwa Kampala mwaka 1992 kuwaunganisha waganga wa jadi na madaktari, kilipima dawa za miti kwa mkanda wa jeshi, ambao Waganda huuita kisipi, katika wagonjwa wenye virusi. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999: vidonda vilipona sawa na vya wagonjwa wa hospitali, na maumivu yaliisha upesi zaidi. Lakini walipima kisipi, hawakudai kuponya UKIMWI.

Jambo la mwisho ndilo lililonitia hofu. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani waliwapa watu wenye afya mmea uitwao St John's wort pamoja na indinavir, kidonge cha UKIMWI cha siku zile. Dawa katika damu ilipungua zaidi ya nusu, maana mmea uliliamsha ini kuiondoa upesi. Nilimsimulia jirani yetu habari hiyo. Amerudi kliniki. Mululuza bado anakunywa, ila sasa amemwambia daktari.