UFUGAJI: Vitafunio vya mbwa vyaweza kuandaliwa nyumbani, ila unga mbovu ni sumu

SOKO la Lubao, lililo kando ya barabara ya kutoka Kakamega kuelekea Webuye, limejipatia umaarufu kote nchini kwa biashara ambayo ni adimu kwingineko: uuzaji wa mbwa.

Mnunuzi anayeondoka sokoni akimwongoza mbwa wake kwa kamba huwa amekwisha kufikiria ulinzi wa boma. Jambo asilolifikiria sana ni mlo. Katika nyumba nyingi mbwa hula makombo ya ugali, na akibahatika kupata kitafunio, huwa ni mfupa wa kuku.

Biskuti maalum za mbwa huuzwa katika maduka makubwa ya mijini, lakini bei yake haimudu kila mfugaji. Kwa bahati nzuri, vifaa vya kuziandaa nyumbani vinapatikana kwa wingi katika masoko ya Magharibi: viazi vitamu, maboga, mayai na omena kutoka Ziwa Viktoria.

Hatari imo katika kiungo kinachodhaniwa kuwa salama kuliko vyote, yaani unga wa mahindi.

Kakamega hupata mvua nyingi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo huandamana na joto. Mahindi yanayovunwa Julai na Agosti aghalabu hukosa jua la kutosha la kuyakausha. Yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, kuvu huota na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu.

Familia nyingi huchambua mahindi kabla ya kuyapeleka kwenye kinu. Punje safi husagwa kwa ajili ya watu, nazo zilizobadilika rangi hutengewa kuku na mbwa. Desturi hiyo huonekana kama busara ya kutotupa chakula, ilhali mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii, ambayo hushambulia ini.

Historia ya Kenya inathibitisha hilo. Mnamo 1977, mbwa na kuku wengi walikufa katika miji ya Nairobi, Mombasa na Eldoret baada ya kula chakula kilichohifadhiwa vibaya na kuingiwa na sumukuvu.

Mwaka wa 2004 balaa liliwafika binadamu. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo.

Kosa kubwa ni kuamini kuwa moto utaisafisha nafaka iliyoharibika. Kuchemsha, kukaanga au kuoka huua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutolewa hubaki. Kwa hiyo, biskuti iliyookwa vizuri kwa unga mbovu ni sumu ile ile katika umbo jingine. Hali ni hiyo hiyo kwa njugu karanga zilizonyauka au kuota ukungu.

Mfugaji anayetaka kuandaa vitafunio hivi atahitaji vikombe viwili vya unga ule ule unaosongewa ugali wa familia, kikombe kimoja cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, nusu kikombe cha omena iliyosagwa na yai moja.

Omena ichambuliwe, ioshwe kwa maji moto ili kuondoa mchanga na chumvi, kisha ikaushwe kabla ya kusagwa. Chumvi, sukari na viungo vya mchuzi havihitajiki kamwe.

Viungo vyote vikandwe pamoja, na maji yaongezwe kidogo kidogo hadi donge lishikane. Donge lisukumwe mithili ya chapati, liwe na unene usiozidi nusu sentimita, kisha likatwe vipande vidogo. Wembamba huo ndio unaorahisisha ukaukaji.

Wenye oveni waoke kwa nyuzi 150 kwa muda wa saa moja hivi. Wasio na oveni watumie sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu, chombo cha kuokea kikiwa juu ya mchanga na makaa yakiwekwa chini na juu ya kifuniko, kama wafanyavyo waokaji wa keki vijijini.

Vipande vikiiva, vigeuzwe na kuachwa kwenye moto unaofifia hadi vikauke kabisa. Kipande kilicho tayari huvunjika kwa mlio. Kinachopinda bado kina maji, na katika hali ya hewa ya Kakamega kitaota ukungu baada ya siku chache.

Vitafunio vipoe kabla ya kufungiwa, kwa kuwa mvuke hugeuka maji ndani ya mkebe. Vihifadhiwe katika mkebe mkavu wenye kifuniko kinachobana, na vitumike katika muda wa wiki moja. Ni heri kuoka kidogo mara kwa mara. Kikionekana kimoja chenye ukungu, vyote vitupwe.

Siku za jua kali, mbwa hupoteza joto kwa kuhema zaidi kuliko kwa jasho, na hamu yake ya chakula hupungua. Wenye jokofu wanaweza kugandisha supu ya nyama isiyo na chumvi wala kitunguu, wampe vipande vya barafu hiyo. Maji safi kivulini ni lazima kwa kila mbwa.

Vitafunio visizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula cha siku nzima, la sivyo mbwa atanenepa huku akikosa lishe kamili.

Kuna vitu ambavyo havifai kabisa. Vitunguu, vitunguu saumu, chokoleti, zabibu, makadamia, pombe na peremende zisizo na sukari zenye zailitoli vyote humdhuru mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kuwa vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Matumbo na mapafu mabichi ya mifugo pia yaepukwe. Humwambukiza mbwa minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo yakimfikia binadamu husababisha uvimbe wa maji ini au mapafuni, ugonjwa ambao shirika la AMREF lilianza kukabiliana nao Turkana mnamo 1983.

Mbwa anayekataa chakula, kutapika, kulegea au kuwa na ufizi na macho ya manjano apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa, pamoja na sampuli ya alichokula.

Mahindi yaliyooza nayo yasihamishiwe kwa kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akiyala, sehemu ya sumu hupitia kwenye maziwa na kurudi katika kikombe cha mtoto. Punje ambazo mwenye nyumba hathubutu kuzila zifukiwe au zichomwe, wala zisiingie katika sahani ya kiumbe yeyote bomani.