Nauli ya Mwana wa Rika

Jackie Robinson anakumbukwa kwa besiboli, lakini hadi mwaka 1941 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani. Aliondoka chuoni bila digrii. Mwaka 1959 yeye, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wawachangie vijana wa Kenya nauli ya kwenda kusoma Marekani, na Septemba ndege ya kwanza iliyopangwa na kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, Tom Mboya, ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Huku Nyeri, kuchangishana hakukuwa jambo geni. Wakikuyu walikuwa na ngwatio: leo tunalima kwangu, kesho kwako. Walikuwa pia na rika, yaani waliotahiriwa pamoja, wakapewa jina la tukio la wakati wao. Waliopashwa tohara wakati wa ndui waliitwa Mutung'u. Wa rika moja husaidiana na kukosoana bila kuoneana haya, na marika hushindana. Mbiyu Koinange aliporudi kutoka masomoni Marekani na kuanzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, marika yalipambana kuchangia majengo yake. Nani angekubali rika lake liwe mkia? Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa.

Kwa hiyo ndege za Mboya zilikuta desturi ipo ila mifuko mitupu. Watu walikuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, na mashamba yalikuwa ndiyo kwanza yanapimwa upya. Nauli ililipwa na wafadhili. Pesa za matumizi, na mara nyingi sehemu ya karo, zikawa juu ya ukoo na majirani. Ndipo ikaitishwa pati ya chai.

Sufuria kubwa ilitokota uani, chai ya maziwa, na mukimo wa viazi vilivyopondwa pembeni. Mezani palikaa daftari la shule na mwalimu wa kuandika. Kila mchango ulisomwa kwa sauti: jina, kisha kiasi. Asiye na shilingi alileta mayai au jogoo, na jogoo akanadiwa. Aliyemnunua, kama ana moyo, alimrudisha mezani anadiwe tena, na jogoo huyo huyo akazunguka mpaka akaingiza zaidi kuliko tajiri wa kijiji. Utani ulikuwa mwingi, lakini kila mtu alijua daftari halisahau.

Ndiyo maana nasema mwanafunzi wa miaka ile hakuondoka peke yake. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Tetu, alisafiri mwaka 1960 kwenda chuo cha masista Wabenedikto, Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas. Wakiwa safarini kwa basi, yeye na wenzake walikatazwa kuketi mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Nao walikuwa wametoka nchi ambako babu zao walitembea na kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Alisoma biolojia, akahitimu mwaka 1964, akapata shahada ya pili Pittsburgh na kurudi nyumbani mwaka 1966.

Aliyerudi hakudaiwa pesa zile zile. Alidaiwa karo ya mdogo wake, kitanda cha binamu anayetafuta kazi mjini, na kuketi meza ya mbele kwenye pati ya kijana mwingine. Wengine walilemewa, na sioni haja ya kuipamba desturi hii kupita kiasi: mshahara wa kwanza ulikuwa na wenyewe kabla haujalipwa.

Siku hizi, Karatina au Othaya, michango huja kwa M-Pesa na orodha hupandishwa WhatsApp kila jioni. Ni rahisi, sikatai. Ila mwenye shilingi 100 sasa huona haya na kunyamaza, hali mwalimu yule mezani alisoma mayai kwa sauti ile ile aliyosomea noti.