Taifodi Isiyosikia Dawa



Katika mikutano yetu husikia mara kwa mara mtu akisema, "Nimetibiwa taifodi mara tatu, na bado inarudi." Hebu tuliangalie jambo hili pamoja.

Taifodi, yaani homa ya matumbo, huletwa na viini vya aina ya salmonela. Vinatoka katika choo cha mgonjwa, vinaingia katika maji au chakula, na mtu mwingine anavimeza. Tangu 1948 dawa ya kloramfenikoli iliviua vizuri. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1990, taifodi iliyopatikana Nairobi ilikuwa haisikii kloramfenikoli, wala ampisilini, wala septrini. Huko Pakistani, tangu 2016, kuna taifodi ambayo katika dawa za kumeza iliyobaki ya kutegemewa ni azithromaisini peke yake.

Viini huzoeaje dawa? Ukinunua kapsuli nne kwa duka badala ya dozi nzima, viini dhaifu vinakufa, homa inashuka, nawe unasema umepona. Vile sugu vinabaki na kuzaana. Vikitoka kupitia choo vikafika mtoni, jirani yako atavinywa. Yeye hajameza kapsuli hata moja, lakini ugonjwa wake tayari umezoea dawa.

Tena, si kila homa ni taifodi. Kile kipimo cha haraka cha Widal mara nyingi husema ipo na kumbe haipo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha viini vya damu katika maabara ya hospitali. Wengi humeza dawa bure, na huku malaria inaendelea kuwamaliza.

Kikundi kinaweza kufanya nini?

1. Msinunue antibayotiki bila kupimwa, wala msigawane zilizobaki nyumbani.
2. Mkiandikiwa dawa, malizeni dozi. Kama pesa hazitoshi, afadhali kukopa kwa kikundi kuliko kununua nusu.
3. Chimbeni vyoo angalau mita 30 kutoka kisimani.
4. Chemsheni maji ya kunywa, na mnawe mikono kwa sabuni.
5. Julai 2025 serikali ilianza kuchanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Aliyekosa, ulizeni zahanati.

Katika mkutano ujao, tieni jambo hili kwenye ajenda, na katibu aandike mliyokubaliana.