Kabla ya Kufomati, Isikilize Kompyuta

Laptopu ya mtumba ikishawekwa Linux, kisha modemu ya USB au waifai ikagoma, hukumu hutolewa haraka: kifaa kimekufa, au mfumo ufomatiwe upya. Kwa mkazi wa Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, hukumu hiyo ni ghali, maana safari ya kwenda Mbarara kutafuta kifaa kingine inazidi kilomita 50. Tena mara nyingi hutolewa kabla ya shahidi kusikilizwa, na shahidi ni kompyuta yenyewe. Kiini cha Linux huandika yanayotokea kila kifaa kinapochomekwa, na maandishi hayo husomwa kwa amri ya sudo dmesg, bila hata chembe ya intaneti.

Humo hutenganishwa makosa ambayo kwa macho yanafanana. Mstari wa USB wenye “error -71” unaonyesha kwamba mawasiliano na kifaa yanakatika: shuku waya, tundu au umeme hafifu, wala usifomati. Mstari unaotaja “firmware” na kuishia “error -2” una habari nyingine kabisa. Kiendeshi (driver) kipo na kimekitambua kifaa, ila faili la programu ndogo inayopaswa kupakiwa ndani ya kifaa halikupatikana. Hili lilizoeleka kwenye Debian, kwa kuwa kabla ya toleo la 12, lililotoka Juni 2023, diski yake rasmi haikubeba programu hizo zisizo huru. Modemu nyingi za Huawei nazo zina vituko vyao: zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na amri ya lsusb huweza kuonyesha namba 12d1:1446. Programu ya usb_modeswitch huiamuru igeuke kutoka CD kuwa modemu, namba hubadilika, ndipo kiendeshi kiitwacho option huishika. Anayeona CD akadhani ameuziwa feki anamwonea muuzaji.

Wapo watakaouliza: bila intaneti, kulijua kosa kunafaa nini? Simu ya Android ikigawa intaneti kwa waya wa USB, Linux huiona kama kadi ya mtandao, na kiendeshi chake kwa kawaida kimo tayari. Mtandao wa simu ukiwa dhaifu, namba ya kifaa iliyoonyeshwa na lsusb inatosha; fundi aliyeko mjini ataitumia kutafuta faili na kukuwekea kwenye flashi. Wengine hudai Windows haina usumbufu huu. Kuna ukweli, kwani watengenezaji wengi huifikiria kwanza. Lakini nayo hutafuta kiendeshi kwa namba zile zile, na isipokuwa nacho, bila intaneti hukwama vilevile.

Zipo kadi za waifai ambazo mtengenezaji hakuzitolea kiendeshi cha Linux wala maelezo, na hapo kununua nyingine ndiyo akili. Basi kabla ya kupanda gari, andika namba ya kifaa na mstari wa kosa kwenye karatasi. Na ukienda dukani Mbarara, beba laptopu yako, chomeka, usome dmesg, ndipo ulipe.