Boliti moja ya tairi ikikatika: kamati ifanye nini?



Miongoni mwa maombi ya fedha ambayo dereva wa pikapu huleta mbele ya kamati ya parokia, ombi la boliti ya tairi ndilo rahisi kuliko yote kuahirishwa. Kipande chenyewe ni kidogo kama kidole, gari bado linatembea, na boliti tano kati ya sita zimebaki. Mjumbe mmoja atasema, "Tuvute hadi robo ijayo." Makala hii inaeleza kwa nini ombi hilo lisingoje, na fedha inayoombwa inakwenda wapi, maana mara nyingi kamati huidhinisha bei ya boliti bila kujua kwamba gharama kubwa iko katika kuifikia.

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, gari ambalo parokia nyingi za vijijini zinalifahamu. Kila gurudumu limeshikwa na boliti sita zenye unene wa milimita 12. Mafundi huziita stadi. Zimeingizwa kwa nguvu kutoka nyuma ya habu, na meno madogo yaliyo shingoni mwake yanauma chuma cha habu ili boliti isizunguke. Kwa mbele ndipo rimu inapovikwa na nati kukazwa.

Watu wengi hudhani kwamba boliti hubeba gari kama msumari unavyobeba koti ukutani. Sivyo. Nati inapokazwa, boliti huvutika kidogo sana, mfano wa mpira, na mvuto huo ndio unaobana rimu kwenye uso wa habu. Mzigo unabebwa na mbano huo wa chuma juu ya chuma. Mbano ukiwa kamili, boliti hazipati taabu kubwa hata katika mashimo. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, na kwa kila mzunguko wa gurudumu boliti hupindwa huku na huku. Sote tumewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua mara nyingi. Boliti iliyolegea nati hukatika namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kuivunja, na zinapingana: kukaza mno na kukaza kidogo.

Kukaza mno ni ugonjwa wa gereji zetu za barabarani. Kwa boliti ya milimita 12, nguvu inayotakiwa ni kiasi cha nyutoni mita 100 hadi 115; kipimo halisi kimo katika kitabu cha gari. Kwa lugha nyepesi, ni sawa na mtu kukandamiza kwa uzito wa kilo 40 hivi kwenye mwisho wa mkono wa spana wenye sentimita 25. Sasa mwone kijana wa kilo 70 anayechomeka bomba la mita moja kwenye wilispana kisha akasimama juu yake. Hapo nguvu inakaribia nyutoni mita 700, yaani zaidi ya mara sita ya inayohitajika. Boliti huenda isikatike siku hiyo. Imeshavutika kupita kiasi, haiwezi tena kurudi na kubana, nayo itakatika wiki nyingine, pengine usiku, gari likiwa limebeba mgonjwa. Kupaka oili au grisi kwenye nyuzi za boliti huleta madhara yale yale: nati huteleza kirahisi na kukaza kuliko fundi anavyodhani.

Kukaza kidogo nako kuna visababishi vyake. Rimu iliyopakwa rangi nene, au yenye matope yaliyokauka pale inapokutana na habu, hukazwa vizuri asubuhi na kulegea jioni, kwa kuwa rangi na matope husagika na kuacha nafasi. Vilevile nati zisizo za rimu ile. Rimu za chuma hutumia nati zenye mdomo wa mshazari unaokaa katika tundu, ilhali rimu nyingi za aluminiamu za Toyota hutumia nati zenye wosha bapa. Ukizibadilishana, nati hugusa ukingo tu. Parokia iliyopewa gari la msaada lenye rimu za aluminiamu na spea ya chuma iulize jambo hili mapema, kabla ya siku ya pancha.

Boliti iliyokatika isitupwe. Uso wake unasema kilichotokea. Ukiwa laini, wenye mistari ya mviringo kama ya ganda la kombe, na sehemu yake ina kutu, basi ufa ulianza zamani na nati ilikuwa imelegea. Boliti za jirani zimeteswa vivyo hivyo. Ukiwa unang'aa wote, na shingo imekonda au kusokoteka, kosa ni la aliyekaza. Kamati yenye boliti hiyo mezani ina hoja ya kuzungumza na gereji yake, kuliko kumlaumu dereva kwa kukisia.

Njiani, dereva anaruhusiwa kufanya nini? Ikikatika moja kati ya sita, na nyingine zote zimekaza, anaweza kushusha mzigo na abiria na kwenda polepole hadi gereji iliyo karibu, akisimama kukagua nati kila baada ya kilomita chache. Zikikatika mbili, hasa zilizo jirani, gari lisiende. Hata kama kesho kuna kliniki ya watoto. Gurudumu likichomoka, dereva hupoteza usukani, na gurudumu lenyewe hukimbia peke yake kuelekea kwa waenda kwa miguu.

Gereji, kazi hutegemea ni gurudumu lipi. Nyuma, kwenye breki za dramu, fundi huondoa dramu, hugonga boliti mbovu irudi ndani, kisha huingiza mpya kutoka nyuma kama nafasi inatosha. Mbele, katika pikapu nyingi za zamani, habu nzima lazima ishuke; beringi zisafishwe, zitiwe grisi mpya na kurekebishwa, na sili ibadilishwe. Ndiyo maana ankara ya boliti moja ya mbele huonekana kubwa. Hiyo si lazima iwe udanganyifu. Mashine ya kusukumia ni bora kuliko nyundo. Isipokuwepo, boliti mpya huvutwa ndani kwa nati iliyogeuzwa, upande bapa ukikaa juu ya wosha kadhaa, hadi kichwa chake kiguse habu kabisa. Isipofika mwisho, itajivuta yenyewe barabarani na nati italegea.

Jambo moja fundi asikubaliwe kamwe: kuchomelea kipande kipya juu ya kisiki cha boliti. Chuma cha boliti hizi kimepikwa kiwandani kwa ajili ya ugumu, na joto la kuchomelea huuharibu. Boliti ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi nayo haifai. Ya zamani iende dukani ipimwe pamoja na mpya: urefu, nyuzi, na unene wa meno.

Zinunuliwe ngapi? Desturi nzuri ya mafundi wa magari makubwa ni hii: ikikatika moja, badili hiyo na jirani zake mbili, zikikatika mbili au zaidi, badili zote za gurudumu lile. Kwa kuwa habu imeshafunguliwa, fedha ya ziada ni ndogo kuliko kufungua tena. Hapa tunawaomba wafadhili waelewe jambo moja. Bajeti ya gari yenye mafuta na bima tu, bila fungu la matengenezo madogo ambalo paroko na dereva wanaweza kulitumia siku hiyo hiyo, huilazimisha kamati kuahirisha.

Baada ya kazi, nati zikazwe gari likiwa bado juu ya jeki, kwa mpangilio wa nyota, yaani kutoka moja kwenda ya upande wa pili. Kisha gari lishushwe na ukazaji umalizwe kwa mkono bila bomba. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na dereva aandike katika daftari la safari kwamba amefanya hivyo. Akimaliza, achore kwa rangi mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, na hilo linaonekana hata na mtu asiyejua gari, akizunguka mara moja kabla ya kuondoka.